Fyuzi Hukatika kwa Ajili ya Waya

Taa za breki za pikapu zikizima zote kwa mpigo, usikimbilie duka la vipuri kununua balbu. Ni nadra balbu mbili kufa saa moja. Jiulize kwanza: taa ya kushoto na ya kulia zinachangia nini? Zinachangia swichi iliyo juu ya pedali ya breki, waya unaotoka mbele kwenda nyuma, na fyuzi moja. Katika vitu hivyo vitatu, fyuzi ndiyo pekee iliyotengenezwa ili ife, basi tuanzie hapo. Lakini kabla ya kuichomoa, inafaa tujue inakufaje na kwa faida ya nani, maana wenye magari wengi, na mafundi si haba, huamini kwamba fyuzi imewekwa ili kuilinda balbu. Sivyo.

Umeme wa gari huzunguka. Hutoka kwenye ncha chanya ya betri, hupita kwenye fyuzi, kisha swichini, hufuata waya chini ya gari hadi taa ya nyuma, huingia ndani ya balbu, halafu hurudi kwenye ncha hasi. Safari ya kurudi haina waya mrefu, kwa sababu ncha hasi imefungwa kwenye bodi, na chuma chote cha gari ndicho njia ya kurudia. Hilo la bodi tulikumbuke, ndiko matata yanakotokea.

Jambo la pili ni kwamba katika njia isiyo na matawi, mkondo ni ule ule kila mahali. Umeme haupungui njiani. Ampea zinazopita katika utepe mdogo wa fyuzi ndizo zinazopita katika waya unaoifuata. Kinachotofautiana ni joto. James Prescott Joule, Mwingereza, alieleza mwaka 1841 kwamba joto linalozaliwa ndani ya waya hutegemea ukinzani wa waya huo, pamoja na mkondo uliozidishwa kwa wenyewe. Hapo kwenye kuzidishwa kwa wenyewe ndipo pa kutulia kidogo. Mkondo ukiwa mara mbili, joto huwa mara nne. Mkondo ukiwa mara tatu, joto huwa mara tisa.

Sasa chukua fyuzi ya kawaida ya gari, ile ya plastiki yenye miguu miwili bapa, uishike dhidi ya mwanga. Ndani utaona utepe uliopinda, aghalabu wa zinki, ambao katikati umefanywa mwembamba makusudi. Zinki huyeyuka ikifika nyuzijoto 420 hivi, wakati shaba ya waya hungoja hadi 1,085. Isitoshe, zinki hukinza umeme zaidi ya mara tatu kuliko shaba. Mkondo ukizidi, mahali pa kwanza kupata joto la kuyeyusha ni pale katikati ya utepe, na utepe ukikatika njia yote imekatika.

Mkondo huzidije? Tufanye hesabu. Balbu ya breki huwa ya wati 21. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea 1.75. Balbu mbili ni ampea 3.5. Mtengenezaji akiweka fyuzi ya ampea 10, kama ilivyo kwenye magari mengi, bado kuna nafasi ya kutosha. Balbu yenyewe ndiyo inayoushika mkondo usikimbie, kwa sababu ikiwaka ina ukinzani wa karibu omu 7. Sasa fikiria waya wa nyuma umesuguana na ukingo wa chasisi miaka kadhaa ya barabara za vumbi, plastiki yake ikalika, shaba ikagusa chuma. Umeme umepata njia ya mkato: unarudi kwenye betri bila kupita kwenye balbu. Hiyo ndiyo shoti. Mita 5 za waya wa shaba wenye unene wa milimita ya mraba 1 zina ukinzani usiofika omu 0.1. Gawanya volti 12 kwa kiasi hicho, unapata ampea zaidi ya 120, na joto la karibu wati 1,500 ndani ya waya uliofungwa pamoja na wenzake nyuma ya dashibodi. Ni kama kuwasha birika la umeme lisilo na maji ndani ya kifurushi cha plastiki. Balbu, wakati huo, iko salama salimini, kwa sababu mkondo umeikwepa. Anayeungua ni waya, na kwa hiyo namba iliyoandikwa mgongoni mwa fyuzi ni namba ya waya: inasema waya huu usipitishe zaidi ya hapa.

Ndiyo maana nashindwa kumsamehe anayeweka fyuzi ya 30 mahali pa 10 ili "isisumbue tena". Shoti kali kweli itaikata hata hiyo ya 30. Tatizo ni shoti nusu, ile ya waya unaogusa kidogo, inayovuta ampea 25. Fyuzi ya 30 inaitazama tu. Waya ule ule ambao kwa ampea 10 ulitoa wati zisizofika 2 kwa kila mita, sasa unatoa karibu wati 11 kwa mita, na plastiki yake haikuundwa kwa hali hiyo. Kuzungushia fyuzi karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ni vibaya zaidi, kwa sababu hapo hakuna namba kabisa.

Haya, tuitafute. Toyota Hilux, kama pikapu nyingi, ina boksi moja la fyuzi chini ya boneti na jingine ndani, upande wa dashibodi. Kifuniko huwa na mchoro. Tafuta neno STOP, usilichanganye na TAIL, ambalo ni la taa ndogo za nyuma. Kifuniko kikiwa kimepotea, kitabu cha gari kitakuonyesha.

Usichomoe moja moja ukikisia. Tumia taa ya kupimia, ile yenye ncha kali na waya wa kubana. Bana waya kwenye chuma kitupu cha bodi, kisha itazame fyuzi kwa juu: kuna vitobo viwili, na ndani ya kila kimoja chuma kinaonekana. Gusa cha kwanza, gusa cha pili. Taa ikiwaka kwenye vyote viwili, fyuzi ni nzima, tatizo liko mbele: swichi, waya au balbu. Ikiwaka kwenye kimoja tu, utepe umekatika, kwa sababu umeme umefika upande wa betri ukashindwa kuvuka. Isipowaka kokote, umeme haujafika hapo. Washa swichi ya ufunguo urudie. Mguso wa sekunde mbili umekupa majibu matatu tofauti. Waya wa njano wa mifuko ya hewa usiuguse kwa kipimo hiki.

Ukishajua ni ipi, zima kila kitu, ichomoe kwa kibanio cha plastiki ambacho mara nyingi kimo ndani ya boksi, na uisome kabla ya kuitupa. Utepe ukiwa umeachana kwa mwanya mdogo na plastiki ni safi, mkondo ulizidi kiasi kwa muda: labda mtu ameongeza taa za trela kwenye waya ule ule. Plastiki ikiwa nyeusi na utepe umetoweka, hiyo ni shoti, chuma kimelipuka kuwa mvuke. Fyuzi haina haraka na makosa madogo: ya ampea 10 ikipewa 11 inaweza kudumu zaidi ya saa 100, lakini ikipewa 20 hukatika ndani ya sekunde 5.

Weka mpya ya namba ile ile. Rangi itakusaidia: nyekundu ni 10, buluu 15, njano 20, kijani 30. Mwambie mtu asimame nyuma, kanyaga breki. Zikiwaka zote, endelea na safari.

Ikikatika papo hapo, usiteketeze pakiti nzima ya fyuzi. Toa balbu zote za breki, ikiwamo ile ya juu kama ipo, kisha unga balbu ya wati 21 kwa nyaya mbili, mahali pa fyuzi. Mtu akanyage breki. Shoti ikiwapo balbu itawaka kwa nguvu, lakini mkondo hautazidi ampea 1.75, kwa hiyo waya hauungui na unaweza kuchunguza kwa utulivu. Anzia nyuma, ambako pikapu huumia zaidi: kwenye soketi za taa zilizoingia maji, kwenye maungio ya trela, kisha fuata waya kando ya chasisi, hasa karibu na springi na kila mahali unapopita kwenye tundu la chuma. Utikise taratibu. Mahali ambapo balbu inazima au kufifia waya ukiguswa, ndipo ulipochubuka. Funga tepu, uubane mbali na ukingo, rudisha balbu, weka fyuzi.

Kama balbu inaendelea kuwaka na hujaona kitu, ichomoe, mpelekee gari fundi umeme wa magari, na umwambie ulichokwisha kupima ili asianze upya. Njiani endesha mchana, taratibu, na utoe mkono dirishani kabla ya kusimama: aliye nyuma yako hajui kwamba huna taa za breki.