Somo la Jikoni: Futari Iliyobaki, Je, Ifike Daku?

Mwezi wa Ramadhani, adhana ya Magharibi inapotoka misikitini Mji wa Kale, kiasi cha saa kumi na mbili na nusu jioni, vyakula huwa vimekwisha kupakuliwa. Saa kumi alfajiri, nyumba hizo hizo huamka kula daku. Kati ya milo hiyo miwili kuna zaidi ya saa tisa. Kwa joto la kisiwa cha Mombasa, muda huo ni mrefu mno kwa sufuria ya wali iliyoachwa juu ya jiko lililozimika.

Yafuatayo ni maswali ambayo wapishi wa nyumbani huulizana vibarazani na sokoni Marikiti. Majibu yanaunganisha uzoefu wa wapishi wa siku nyingi na mafunzo ya afya ya umma.

Swali: Mwiku wa wali ukipashwa moto sana, si vijidudu vyote hufa?

Jibu: Si wote, na vijidudu si tatizo pekee. Mchele mbichi huwa na mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu hizo hustahimili kuchemshwa. Wali ukikaa nje, mbegu huamka, bakteria huzaana na kutoa sumu. Sumu hiyo haiharibiwi na moto wa jikoni. Mtu akila, anaweza kuanza kutapika kati ya nusu saa na saa sita baadaye. Kwa hiyo wali uliolala nje usiku kucha hauokolewi kwa kupashwa, hata ukipaliwa makaa juu na chini. Mpishi anayesema "nitaupasha tu" anaua bakteria na kuacha sumu sahanini.

Swali: Basi unahifadhiwaje?

Jibu: Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Kinachokaa mezani kikisubiri kuliwa kiwe moto zaidi ya nyuzi 60, na kinachowekwa akiba kiwe chini ya nyuzi 5. Wapishi wazoefu hawaingizi sufuria nzima ya pilau kwenye friji, kwa kuwa katikati hubaki na joto kwa saa nyingi. Huutandaza wali kwenye sinia safi upoe upesi, kisha huutia katika vyombo vidogo vyenye vifuniko. Wakati wa daku, hutolewa kile kitakacholiwa tu, kikapashwa mpaka mvuke utoke kote, mara moja peke yake.

Swali: Na nyumba isiyo na friji?

Jibu: Hapa desturi za Mji wa Kale zina dawa yake. Sahani ya jirani itoke mapema, chakula kingali cha moto, badala ya kusubiri kuona kitakachobaki. Pia daku ipangwe kwa vitu vinavyoweza kulala: tende, mkate, mahamri, mayai mabichi ya kuchemshwa alfajiri, na maziwa ya paketi yasiyohitaji friji, yakifunguliwa wakati wa kunywa. Mahamri yanaweza kulala nje ndani ya chombo kilichofunikwa, lakini mbaazi za nazi haziwezi. Tui lina maji na mafuta, huchacha upesi, na mchuzi wake hufuata njia hiyo hiyo.

Swali: Tui likikatika, ndiyo limeharibika?

Jibu: Hapana. Kukatika na kuchacha ni mambo mawili. Tui hukatika kwa moto mkali au kwa kuachwa bila kukorogwa. Mafuta hujitenga na maji, lakini chakula bado ni salama. Dawa ni kuanza na tui jepesi, kisha tui zito la kasimile likatiwa mwishoni, kwa moto mdogo, huku mwiko ukizunguka. Tui lililochacha hujulikana kwa uchachu, povu na harufu. Hilo humwagwa. Kuongeza ndimu au bizari kuficha uchachu ni kujidanganya.

Swali: Samaki hakuwa na harufu, mbona waliomla waliwashwa mwili?

Jibu: Jodari, nguru na vibua wakikaa juani bila barafu hutengeneza kemikali iitwayo histamini. Haina harufu, wala haiondoki kwa kukaanga. Mlaji huona uso ukiwaka, kichwa kikiuma na ngozi ikiwasha, mara nyingi ndani ya saa moja. Mnunuzi achague samaki aliyelala kwenye barafu, amfikishe nyumbani moja kwa moja, na asimwache kikapuni akamalizie shughuli nyingine mjini.

Swali: Stima ikipotea usiku?

Jibu: Friji isifunguliwe. Ikibaki imefungwa, huhifadhi baridi kwa kiasi cha saa 4. Stima ikikosekana zaidi ya hapo, wali, nyama, samaki na vyakula vya nazi visiliwe. Kuonja ili kujua kama kimeharibika si kipimo, kwani sumu nyingi hazina ladha.

Mtu akiugua

Anayetapika au kuharisha apewe maji yaliyochanganywa na dawa ya ORS, kidogo kidogo na mara kwa mara. Apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa akiwa ni mtoto mchanga, mja mzito au mzee, au akionyesha dalili hizi: damu katika choo, macho kubonyea, kukosa mkojo, au kushindwa kubakisha maji tumboni. Anayewashwa baada ya kula samaki akianza kupumua kwa shida, hiyo ni dharura. Kuharisha choo cha majimaji mfululizo kama maji ya mchele kunaweza kuwa kipindupindu, na hakusubiri kupambazuke.

Ya kukumbuka

1. Saa 2 zikipita nje, chakula kilichopikwa kisiwekwe akiba.
2. Wali hutandazwa upoe, kisha huingia kwenye friji katika vyombo vidogo.
3. Kupasha moto hakuondoi sumu iliyokwisha kutengenezwa.
4. Pasipo friji, pika cha kutosha na ugawe kingali cha moto.

Kumwaga chakula kunauma, hasa kwa bei za leo. Ndiyo maana somo hili linaanzia kwenye kipimo cha mchele kabla sufuria haijabandikwa: kikipikwa cha kutosha futari, alfajiri hapatakuwa na cha kumwaga wala cha kubahatisha.