Noti Bandia Ikikufikia: Ya Kufanya na ya Kutofanya, Kutoka Maua Hadi Kiritiri

Soma haya sasa, kabla noti hiyo haijakufikia. Ikishafika utakuwa na hasira, na mwenye hasira hasomi. Yameandikiwa wanaoshika pesa taslimu Meru na Embu: mkulima wa miraa Igembe, mwuza muguka Mbeere, mama wa ndizi Mitunguu, makanga wa gari la Embu, dada wa kaunta pale Makutano. Benki ina mashine. Wewe una vidole na macho, na mara nyingi vinatosha ukivitumia.

Hata kama hutasoma mengine, lijue hili. Sheria ya Kenya haimwadhibu aliyepewa noti bandia bila kujua. Inamwadhibu anayejua. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, inasema kununua, kupokea au kukaa na noti ya kughushi ilhali unajua imeghushiwa ni kosa, na kifungo chake chaweza kufika miaka 7. Anayeighushi anaweza kufungwa maisha. Kwa hiyo kabla ya kugundua wewe ni mwathiriwa. Ukishagundua, kila unachofanya na karatasi ile utaulizwa.

Usiitumie. Hapa ndipo watu wema huharibikia. Mama amepewa elfu moja bandia sokoni Gakoromone, faida ya siku nzima na mtaji juu yake, halafu jirani anamnong'oneza: ipenyeze jioni, giza likiingia. Giza litamsaidia kweli. Kesho asubuhi atakayelia ni mama mwingine mwenye meza ndogo kuliko yake, maana noti bandia huteremka tu. Mwenye mashine anaitema, mwenye taa anaikataa, na mwisho inakwama kwa yule asiye na cha kuikagulia. Usimtume mtoto nayo dukani. Usiichomeke katikati ya nauli. Usiitie kwenye kikapu cha sadaka ukidhani huko haikaguliwi. Mhazini wa kanisa naye huenda benki Jumatatu.

Ukiwa na shaka na hujatoa mzigo, ikatae. Sema kwa adabu: "Naomba unipe nyingine, au unitumie kwa M-Pesa." Huna haja ya kueleza wala kumshtaki mtu. Mteja mwaminifu ataudhika kidogo na atatoa nyingine. Asiye mwaminifu ataanza kukuharakisha, na haraka yake ni jibu tosha.

Usimfukuzie aliyekupa ili umrudishie. Atakana, nawe huna ushahidi kwamba noti ni ile ile. Akikubali kuipokea ndiyo mbaya zaidi: umempa silaha yake aende nayo duka la pili. Kazi yako ni kukumbuka sura yake, nguo, mwenzake aliyesimama pembeni, nambari ya gari au ya bodaboda. Andika papo hapo. Baada ya saa moja utakuwa umechanganya shati la huyu na kofia ya yule.

Usipige kelele ya mwizi. Nalisema kwa ukali kwa sababu tunajua umati wa soko letu unavyofanya. Neno moja, mawe yanaokotwa, na tairi halikosi. Yule kijana aliyekupa noti huenda alilipwa nayo asubuhi kwa kubeba magunia, na hajui lolote kama wewe ulivyokuwa hujui dakika tano zilizopita. Akiuawa, hakuna mahakama itakayokubali kwamba elfu moja ilitosha kuwa sababu, na aliyeanzisha kelele atatafutwa pia. Una uhakika na mtu wako? Piga 999 au 112, au mwite askari aliye karibu, tena kwa sauti ya chini.

Ikague kabla ya kutoa chenji. Chenji ndiyo shabaha yao. Anayekuja na elfu moja kununua kiberiti jua linapotua hataki kiberiti. Anataka mia tisa na zaidi za kweli. Wanaijua pia saa ya miraa. Miraa na muguka havingoji kesho. Vinachumwa alfajiri, vinafungwa, na gari linaunguruma barabarani. Mkulima anahesabu pesa amesimama, mikono ina umande, na mabroker wawili wanamsemesha kwa pamoja. Basi wafanye wangoje. Gari la miraa likichelewa dakika 3 halitakosa soko.

Kukagua kwenyewe ni kwa namna tatu. Papasa: maandishi ya "Jamhuri ya Kenya" na tarakimu ya thamani yameinuka, kidole kinayahisi. Inua kwenye mwanga: ndani ya karatasi kuna kichwa cha simba, herufi CBK na thamani ya noti, na uzi wa usalama unaonekana umenyooka bila kukatika. Inamisha: uzi unabadilika rangi, na nyuma ya noti kuna utepe wa dhahabu unaoonyesha thamani. Usitegemee alama moja. Waghushi wa siku hizi huiga alama moja vizuri, mbili kwa shida, na zote tatu ni wachache wanaoweza. Na usiikague kwa kuilowesha mate na kuisugua. Huo ni uchafu tu, na rangi ya printa nzuri haitoki kwa mate.

Linganisha nambari. Noti mbili za kweli za thamani moja hazina nambari moja. Mghushi mvivu huchapisha karatasi nyingi kutoka noti moja, kwa hiyo ukikuta nambari zinafanana katika fungu ulilolipwa, angalau moja ni bandia. Kwa aliyeuza mbuzi Ishiara na kulipwa noti ishirini kwa mkupuo, hakuna kipimo cha haraka kuliko hiki, na hakigharimu kitu.

Usiiabudu taa. Taa ya zambarau inayouzwa madukani inafaa, kwa sababu karatasi ya kawaida hung'aa chini yake na karatasi ya noti haing'ai. Lakini noti halali iliyosahauliwa mfukoni ikafuliwa na suruali inaweza kung'aa pia, kwa ajili ya sabuni. Taa ikikutia shaka, rudi kwenye vidole.

Usikatae noti halali kwa kutojua. Hili nalo ni kosa, na linawaumiza zaidi wazee. Katiba ya 2010, kifungu cha 231, ilikataza picha ya mtu yeyote kwenye pesa yetu. Ndipo noti mpya zikazinduliwa tarehe 1 Juni 2019, siku ya Madaraka, zikiwa na jengo la KICC badala ya rais. Noti ya zamani ya elfu moja ilipewa hadi tarehe 30 Septemba mwaka huo. Kuanzia Oktoba mosi haina thamani. Ni hiyo ya elfu moja peke yake. Za zamani za 50, 100, 200 na 500 zenye picha hazikufutwa siku hiyo, na mzee anayelipa mia mbili ya aina hiyo dukani Siakago si tapeli.

Ile ya elfu ni jambo jingine. Noti zipatazo milioni 7.4 hazikurudishwa Benki Kuu muda ulipokwisha. Nyingine zilikuwa za wezi walioogopa kuulizwa, nyingine za bibi aliyeweka chini ya godoro bila kumwambia mtu. Ukipewa moja leo, hujapewa noti ya kughushi, ila umepewa karatasi isiyonunua kitu. Ikatae bila matusi, hasa kama aliyeitoa ana mvi.

Halafu kuna za 2024. Mwezi Agosti mwaka huo Benki Kuu ilitangaza noti zenye sahihi ya Gavana Kamau Thugge na ya Katibu wa Hazina Chris Kiptoo, mwaka 2024, na uzi wa usalama ulio tofauti kwa kila thamani. Ya elfu moja ndiyo iliyotangulia kutoka. Ukiweka noti ya 2019 na ya 2024 pamoja utaona nyuzi hazifanani, na zote mbili ni halali. Mwenye duka asiyejua hili anaweza kumfukuza mteja mwenye pesa safi, kisha ajisifu kwa jirani kwamba amemnasa tapeli.

Usiamini bunda kwa sababu ya ukanda wake. Ukanda wa benki ni karatasi na gundi. Machi 2019 makachero walikuta mabunda ya noti bandia ndani ya sanduku la mteja la kuhifadhia mali, katika tawi la Barclays la Queensway, Nairobi. Pesa ilikotoka hakukwambii kama ni ya kweli. Fungua ukanda, hesabu, pitia noti za katikati. Za juu na chini ndizo wanazoziweka nzuri. Na ukichukua pesa benki, hesabu na kagua ukiwa bado mbele ya kaunta, chini ya kamera. Ukishatoka nje ukarudi kulalamika, hakuna atakayekusikiliza, na kusema kweli hana sababu ya kukusikiliza.

Ukishagundua, fanya hivi siku hiyo hiyo. Acha kuishikashika; itie kwenye bahasha. Andika ulipoipata, saa ngapi, kwa biashara gani, na nambari iliyo juu ya noti. Usiichane wala kuichoma, maana unaunguza ushahidi. Ipeleke benki yoyote au kituo cha polisi. Walio Meru wana bahati: Benki Kuu ina kituo chake cha sarafu mjini humo, kimoja kati ya vichache nchini nje ya matawi yake makubwa. Aliye Embu, Runyenjes au Kiritiri aende benki au kwa polisi wa karibu.

Usitegemee kulipwa. Noti bandia ikithibitishwa inabaki huko, nawe unaondoka mikono mitupu. Hasara ni yako, ipokee. Ni chungu, lakini benki ikilipa noti bandia kwa noti ya kweli, kila mghushi atapanga foleni.

Najua unachoogopa: kwamba ukiingia kituoni na noti bandia utalala ndani. Woga huo una sababu zake na sitakucheka. Nenda na mtu aliyekuwepo ulipoipokea, nenda mchana, eleza kwa ufupi bila kupamba, na uombe tukio liandikwe kwenye kitabu cha matukio, yaani OB. Uondoke na nambari ya OB mkononi. Anayekuja mwenyewe na noti moja siku ile ile ana maelezo yanayosimama. Anayekutwa nazo nne baada ya wiki hana. Ukipata habari za anayezisambaza na hutaki kujulikana, laini ya bure ya makachero wa DCI ni 0800 722 203.

Mwajiri, usimkate mfanyakazi mshahara kama desturi. Hapa Meru na Embu imezoeleka: noti bandia ikipatikana kwenye droo jioni, anayelipa ni kijana wa petroli au dada wa baa, bila maswali. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inaruhusu kukata upungufu wa pesa pale tu ulipotokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi, na mkataba wake uwe umesema wazi kwamba amekabidhiwa kupokea na kutunza pesa. Je, ulimpa taa? Ulimfundisha kupapasa noti? Una mkataba wenyewe? Kama jibu ni hapana, uzembe ni wako. Unamfundisha pia jambo la hatari: anayejua atakatwa elfu moja akisema ukweli atanyamaza na kumpa mteja wako noti ile kama chenji. Kisha utashangaa wateja wamehamia kwa jirani.

Usinunue pesa. Anayekwambia umpe elfu hamsini za kweli akupe laki mbili "ambazo hata benki haizijui", au anayekuonyesha karatasi nyeusi zinazogeuka dola kwa dawa, anataka hamsini zako tu. Huo ndio wash wash. Ukiibiwa hapo huwezi hata kushtaki kwa uso mkavu, maana ulikwenda kununua noti za kughushi, na sheria niliyoitaja juu inakuhusu wewe pia.

Ujumbe wa M-Pesa usome kwenye simu yako. Mteja akikuonyesha wa kwenye simu yake, hujaona kitu. Angalia salio lako, ndipo mzigo utoke.

Kama umeshaitoa. Labda unasoma haya na noti yenyewe uliipenyeza wiki iliyopita, ukijua, kwa mtu unayemjua jina. Mtafute leo. Mpe elfu moja ya kweli, na kama bado anayo ile nyingine, mwende nayo pamoja benki kabla hajakamatwa nayo.