Gogogo, Samaki Mwenye Miiba

Mto Lualaba hupita katika nchi ya Kasongo. Mto Luama hupita katika nchi ya Kabambare, kisha huingia Lualaba. Wabangubangu, Wazimba na Wakusu wana majina ya samaki katika lugha zao. Lakini sokoni watu wa makabila mengi hukutana, nao husema Kiswahili. Basi yafaa kujua majina ya samaki kwa Kiswahili pia.

Katika mito ya bonde la Kongo yumo samaki asiye na magamba. Ana ndevu, na kichwa chake ni kigumu kama ngao. Wavuvi wa Ziwa Viktoria humwita gogogo. Litamke jina hilo: go-go-go. Lafanana na mlio. Kweli samaki huyu hulia. Akishikwa, husugua mizizi ya miiba yake katika mifupa ya mabega, na sauti husikika.

Gogogo ana miiba mitatu: mmoja mgongoni, na mmoja kila upande nyuma ya kichwa. Miiba ya pembeni ina meno kama msumeno. Akiogopa, huisimamisha yote na kuikaza, hata haikunjiki. Hivyo adui hawezi kummeza kwa urahisi. Mtu akimkamata kwa pupa, huchomwa, na kidonda huvimba na kuuma sana. Mvuvi mwenye akili humtoa wavuni polepole, akaivunja miiba kwanza. Aliyechomwa na aoshe kidonda kwa maji safi na sabuni, kisha aende kwa muuguzi.

Angalia maneno haya. Gogo ni kipande kikubwa cha mti. Husemwa: gogo hili limeanguka, magogo haya yameanguka. Lakini gogogo ana uhai. Husemwa: gogogo huyu amenaswa, gogogo hawa wamenaswa.

Neno mwiba nalo lina kazi nyingi: mwiba wa mti, mwiba wa samaki, mwiba wa nge. Yote huchoma. Wazee husema: Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Anayelijua jina la gogogo ameonywa tayari.

Maswali
1. Gogogo ana miiba mingapi, nayo iko wapi?
2. Gogogo hulia namna gani?
3. Tunga sentensi moja yenye neno gogo, na nyingine yenye neno gogogo.