Maumivu ya Taya Yasiyotokana na Jino

Watu wengi wapatao maumivu upande wa uso, karibu na sikio, hudhani mara moja kwamba jino limeoza. Wako waendao kung'olewa gego, na baada ya siku chache maumivu yakarudi palepale, kumbe jino lenyewe lilikuwa zima. Jino la mtu mzima likisha kung'olewa halioti tena. Kwa hiyo yafaa kila mtu akijue kiungo kimoja kidogo ambacho hakitajwi mara nyingi, yaani kiungo cha taya.

Mtu akiweka ncha za vidole mbele kidogo ya masikio, kisha akafungua kinywa na kukifumba polepole, atakisikia kikienda chini ya ngozi. Viungo hivyo ni viwili, kimoja kila upande, na kwa kuwa vyote vimeshikamana na mfupa mmoja wa taya la chini, kimoja hakiwezi kwenda bila mwenzake. Wala havifanyi kazi kama bawaba ya mlango tu. Kinywa kinapoanza kufunguka, kichwa cha mfupa huzunguka mahali pake. Kinapozidi kupanuka, kichwa hicho huteleza mbele. Kati ya mifupa kuna kisahani kigumu kiasi, mfano wa gegedu, kiizuiacho isisuguane. Misuli iendeshayo taya ina nguvu nyingi: mmoja uko shavuni, mwingine penye panja. Mtu akikaza meno huihisi ikivimba chini ya kiganja.

Maumivu mengi hutoka katika misuli hiyo, si katika mifupa. Kuna mtu akazaye meno mchana kutwa kwa wasiwasi bila kujijua, na mwingine huyasaga usingizini hata jirani yake akaamka. Kutafuna miraa usiku kucha, kumenya muwa kwa meno na kufungua chupa kwa magego huongeza mzigo. (Desturi hii ya chupa huvunja meno pia, na haina sifa yoyote ya ushujaa.) Pigo la usoni laweza kuwa chanzo, na kadhalika baridi yabisi. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, hasa wenye umri wa miaka 20 hadi 40.

Dalili zake ni maumivu mbele ya sikio yazidiyo wakati wa kula, kichwa kuuma penye panja, taya kuwa zito asubuhi, na kinywa kutofunguka sawasawa. Watu wengi wazima huweza kuingiza vidole vitatu, kimoja juu ya kingine, kati ya meno ya mbele. Taya likilia kama vidole vinavyoalishwa, lakini haliumi wala halikwami, hakuna haja ya dawa.

Mwaka 1934 daktari mmoja wa masikio wa Marekani, James Costen, aliandika kwamba maumivu haya huletwa na upungufu wa magego na jinsi meno yanavyokutana. Kwa sababu ya mafundisho hayo waganga wengi wa meno walitumia miaka mingi kuyachonga meno ya wagonjwa wao au kuyainua. Baadaye ilionekana kwamba meno si chanzo kikubwa kama ilivyodhaniwa. Katika miaka ya 1980, huko huko Marekani, wagonjwa wengi walitiwa visahani vya kutengenezwa. Vikavunjika vipande vipande ndani ya kiungo, na mifupa ya jirani ikaliwa. Mwongozo wa wataalamu uliochapishwa Uingereza mwaka 2023 ulisifu zaidi mazoezi ya taya, kunyooshwa na mtaalamu wa viungo, na mafundisho ya kujitunza, ukakataza kukata kisahani na kutumia vifaa vya meno vibadilishavyo kinywa kwa kudumu.

Matunzo hayo yaweza kuanzwa nyumbani. Mgonjwa ale vyakula laini kwa majuma machache: uji, ndizi za kupikwa, viazi, maharagwe yaliyopondwa. Aache miraa, muwa na mahindi ya kuchoma. Kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto kiasi kiwekwe shavuni dakika 10 au 15, mara kadhaa kwa siku. Mchana akumbuke kwamba midomo hufungwa, lakini meno ya juu na ya chini hayagusani ila wakati wa kula. Kwa zoezi, aweke ulimi juu ya kaakaa na kufungua kinywa polepole mara sita, asipite mahali panapouma. Dawa ya kutuliza maumivu yaweza kutumiwa siku chache. Lakini mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, na mama mjamzito waulize kwanza kabla ya kumeza ibuprofeni. Wengi hupata nafuu baada ya majuma au miezi. Asiyepata aende hospitali achunguzwe.

Jambo la namna nyingine ni taya kuteguka. Mtu hupiga mwayo mkubwa, na kinywa hakifumbiki tena. Mate humtoka na maneno hayasikiki. Asipigwe kofi, kama wengine wafanyavyo. Apelekwe kwa daktari, ambaye hutia vidole gumba vilivyofungwa kitambaa juu ya magego ya chini, akakandamiza chini na kusukuma nyuma. Hati ya Misri iliyoandikwa yapata miaka 3,600 iliyopita inaeleza njia inayofanana sana na hiyo. Baadaye mgonjwa ategemeze kidevu kwa mkono kila apigapo mwayo.

Maumivu ya taya yajayo wakati wa kupanda mlima au kufanya kazi nzito, pamoja na kubanwa kifua, huenda yakatoka moyoni, na hayangojwi. Lakini hatari kuu kwa mkulima ni taya kukaza lisifunguke, na shingo kuwa ngumu, siku kadhaa baada ya kuchomwa na msumari, mwiba au jembe. Hiyo huenda ikawa pepopunda. Vivyo hivyo mtoto mchanga aliyekuwa akinyonya vizuri akashindwa ghafula kufungua kinywa. Hapo kitambaa cha moto hakifai kitu. Mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile, na daktari aambiwe habari za jeraha, hata kama limekwisha kufunga na kusahauliwa.