Sumukuvu: Jinsi Mahindi Yenye Ukungu Yanavyoharibu Ini

Kati ya Januari na Julai 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafariki baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Makueni na Kitui ndizo zilizoathirika zaidi, na wakazi wengi wa Makindu bado wanaukumbuka mwaka huo.

Sumu hii hutoka wapi?
Hutolewa na kuvu wanaoota kwenye mahindi, njugu na nafaka nyingine. Ukame hudhoofisha mmea, kuvu wakauingia ukiwa bado shambani. Unyevu ghalani huwaongeza. Mwaka 2004 mvua ilinyesha wakati wa mavuno, na familia nyingi zikahifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba.

Hufanya nini mwilini?
Ini huhifadhi sukari, hutengeneza protini za kugandisha damu na huondoa taka mwilini. Sumukuvu ikifika humo, vimeng'enya vya ini huigeuza kuwa kemikali kali zaidi, ambayo hushika chembe za urithi na kuua seli. Ini likishindwa kazi, macho huwa manjano, tumbo na miguu huvimba, na mgonjwa anaweza kutokwa damu. Kiasi kidogo kinacholiwa kila siku hakionyeshi dalili, lakini baada ya miaka huongeza hatari ya saratani ya ini, hasa kwa mwenye homa ya ini aina ya B.

Jikinge hivi
- Anika mahindi juu ya turubai, si mchangani, hadi unyevu usizidi asilimia 13.5.
- Hifadhi kwenye magunia yasiyopitisha hewa, yakiwa juu ya mbao.
- Tupa punje zilizooza au kubadilika rangi. Kuchemsha hakuondoi sumu. Kukoboa muthokoi huipunguza tu.
- Usiwalishe mifugo mahindi yaliyooza, kwani sumu hupita kwenye maziwa.
- Nyunyiza Aflasafe shambani, kilo 4 kwa ekari, wiki 2 hadi 3 kabla ya mahindi kutoa maua. Muulize afisa wa kilimo wa wadi yako.

Sumukuvu haina dawa ya kuiondoa mwilini. Mtu wa nyumbani akiwa na macho ya manjano au tumbo lililovimba, acheni kula mahindi hayo, mpelekeni hospitalini mara moja, na mweleze mhudumu mahindi yalikotoka ili majirani nao waonywe mapema.