Nukta, mstari na rangi

Leo tunajifunza kuchora. Nukta ni alama ndogo ya ncha ya kaa la moto lililozimika. Ukiivuta, inakuwa mstari. Mstari ukizunguka na kurudi ulipoanzia, umepata umbo.

Rangi za msingi ni tatu: nyekundu, manjano na buluu. Manjano na buluu huzaa kijani. Tieni buluu kidogo kidogo, maana inameza manjano upesi.

Mzazi asiseme hana burashi. Kule Lubumbashi, katika karakana aliyoianzisha Pierre Romain-Desfossés miaka ya 1940, Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga alijaza picha zake kwa vistari vifupi. Pilipili Mulongoy alipenda ndege na samaki. Mwalimu wao hakutaka waige picha za Ulaya.

Sisi tulikosea hapo. Tulichora samaki ubaoni, tukaamuru watoto wote waige. Mtoto mmoja akachora makayabo, bapa, bila kichwa, jinsi anavyomwona sokoni. Tulimwambia amekosa. Jumapili ijayo tutamwomba amchore tena, ubaoni, mbele ya wenzake.