Utandawazi na Urari wa Biashara: Nakisi Hudhuru Uchumi Wakati Gani?

Urari wa biashara ni tofauti kati ya thamani ya bidhaa ambazo nchi inauza nje na thamani ya zile inazoagiza. Nchi ikiuza bidhaa za shilingi bilioni 60 na kuagiza za bilioni 80, ina nakisi ya bilioni 20. Pengo hilo huzibwa kwa mikopo, misaada, mitaji ya wageni au mapato ya huduma kama utalii.

Watahiniwa wengi huandika kuwa nakisi ni mbaya siku zote. Jibu hilo halijakamilika. Jiulize mambo mawili.

1. Nchi imeagiza nini?
Korea Kusini ilikuwa na nakisi kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1960 na 1970. Iliagiza mitambo na malighafi, ikajenga viwanda vya nguo, chuma na meli. Mwaka 1986 ilipata ziada. Mikopo yake ilizaa uwezo wa kulipa. Nchi inayokopa ili kuagiza bidhaa za kutumika na kuisha hubaki na deni bila kiwanda.

2. Nchi imeuza nini?
Sehemu kubwa ya korosho za Mtwara na Lindi husafirishwa zikiwa ghafi kwenda India na Vietnam. Ujira wa kubangua, faida ya kufungasha na mafuta ya maganda, yanayotumika kutengenezea rangi na breki, hubaki huko. Viwanda vikubwa vya kubangua vilivyojengwa Tanzania miaka ya 1970 vingi vilisimama muongo uliofuata. Utandawazi umempa mkulima soko, lakini kazi ambayo ingeajiri vijana wa kwao inafanyika ng'ambo.

Swali la mazoezi
"Nakisi ya biashara huzuia ukuaji wa uchumi wa muda mrefu." Jadili.

Mwongozo wa jibu
- Utangulizi: eleza maana ya utandawazi na nakisi.
- Kukubali: deni, kushuka kwa thamani ya sarafu, viwanda vichanga kushindwa na bidhaa rahisi za nje.
- Kupinga: mitambo, ujuzi na mitaji huongeza uzalishaji.
- Hitimisho: toa msimamo wako.

Zingatia: usiishie kuandika "serikali ijenge viwanda". Taja kinachoviwezesha kudumu: umeme wa uhakika, mtaji nafuu, mafundi na malighafi ya kutosha mwaka mzima.